Kupasuliwa Ubongo Hali Mtu Yu Macho

Ndugu msomaji, lau ungeambiwa kwamba yuko mtu amelazwa mezani, fuvu la kichwa chake limefunguliwa, ubongo wake unaonekana, na mtu huyo huyo anazungumza na tabibu na kumjibu maswali, pengine ungedhani ni katika hekaya za Alfu Lela Ulela. Si hekaya. Jambo hili limekuwa likifanywa kwa takriban miaka mia moja, na historia yake inafaa kusomwa na kila mwenye mgonjwa wa kifafa nyumbani kwake.

Nakitaja kifafa kwa kuwa ndicho hasa kilicholeta haya. Katika miaka yangu ya kusomesha nimeona watoto wakianguka chuoni, wenzao wakikimbia, na wazee wao wakiwaficha majumbani kama kwamba wameiba. Husemwa ni shetani, yakaisha. Tunakisahau kisa alichokisimulia Ibn Abbas, cha yule mwanamke mweusi aliyemwendea Mtume (S.A.W.) kumshtakia kwamba huanguka na mwili wake ukafunuka. Hakufukuzwa wala hakufichwa. Alipewa hiari, akachagua mwenyewe. Liweke hilo moyoni, kwani tutalirudia sasa hivi.

Mwaka 1870 Wajerumani wawili, Fritsch na Hitzig, walionyesha kwamba ubongo wa mbwa ukiguswa kwa umeme mdogo upande mmoja, viungo vya upande wa pili hutikisika. Haikupita miaka mingi ila akatokea wa kulijaribu hilo kwa mwanaadamu. Mwaka 1874, katika mji wa Cincinnati huko Marekani, tabibu Roberts Bartholow alikuwa na mgonjwa aitwaye Mary Rafferty, mtumishi wa nyumbani, ambaye donda lilikuwa limemla fuvu hata ubongo ukawa wazi. Bartholow akamchoma sindano za umeme ubongoni hali yu macho, akaongeza nguvu ya umeme, mpaka bibi yule akashikwa na kifafa kikali. Baada ya siku chache akafa. Tabibu alisema kwamba mgonjwa wake aliridhia. Lakini umeme ule haukuwa dawa ya donda lake. Ulikuwa ni wa kumtosheleza tabibu hamu yake ya kujua. Na mtumishi maskini mwenye donda kichwani ana hiari gani mbele ya daktari? Wenziwe matabibu walimlaumu, naye akaandika kwamba anajuta.

Njia iliyo safi zaidi ilitoka penginepo. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, mjini Breslau, ambao zama hizo ulikuwa Ujerumani na leo ni Wrocław ya Poland, tabibu Otfrid Foerster alikuwa akiwatibu askari waliopigwa risasi za vichwa. Makovu yaliyobaki ndani ya ubongo yalikuwa yakiwaangusha kwa kifafa. Foerster akawa anayakata makovu hayo, naye mgonjwa yu macho. Mwaka 1928 akaenda kujifunza kwake Mmarekani mmoja, Wilder Penfield, aliyezaliwa 1891, kisha Penfield akahamia Montreal, Kanada, alikofanya kazi hiyo mpaka ikajulikana ulimwengu mzima.

(Najua wapo miongoni mwetu ambao kila wakisikia jambo la elimu husema lilikuwa letu tangu zamani. Ni kweli kwamba Al-Zahrawi wa Andalusia, aliyefariki mwaka 1013, aliandika namna ya kutoboa fuvu lililovunjika kwa keekee yenye kizuizi, isije ikazama ubongoni. Hiyo ni fahari ya kutosha. Hili ninalolisimulia hakulifanya, na kumzulia si kumtukuza.)

Huenda ukauliza: vipi mtu avumilie maumivu hayo? Ubongo wenyewe hauhisi maumivu. Kinachouma ni ngozi ya kichwa na tando zinazoufunika ubongo, na hizo hutiwa ganzi kwa sindano. Wala hawamwachi macho kwa ukatili. Akipewa nusukaputi akalala, tabibu hatajua ni sehemu ipi ya ubongo ule inayosema, kwani vichwa havilingani. Basi Penfield alikuwa akigusa kwa ncha ya waya wenye umeme hafifu, na mgonjwa anaeleza: kidole gumba kinasisimka, au mkono unajikunja. Kila palipotoa jawabu paliwekwa kijikaratasi chenye nambari, kama mpimaji wa viwanja anavyoweka alama, ili kisu kisipite hapo.

Mgonjwa mmoja alionyeshwa picha ya kipepeo hali waya umegusa mahali pa usemi. Akanyamaza, akaalika vidole kama mtu aliyekasirika. Waya ulipoondolewa akasema kwamba alikijua kile kitu, jina lake ndilo lililokataa kuja. Akajaribu kulitafuta jina la nondo, nalo likakataa. Maana ilikuwapo, neno halipo.

Wengine walisikia nyimbo au kuona mambo ya kale. Watu wamelikuza jambo hili mno. Penfield na mwenzake Perot waliandika mwaka 1963 kwamba katika wagonjwa 520 walioguswa sehemu ya ubongo iliyo upande wa sikio, ni 40 tu waliopata hayo, na wataalamu wa baadaye wametia shaka kama yale yalikuwa kumbukumbu za kweli au mfano wa ndoto.

Lililomshughulisha Penfield mpaka uzeeni ni jingine. Alipoutikisa mkono wa mgonjwa kwa waya, mgonjwa alimwambia kwamba si yeye aliyeufanya, bali ni tabibu. Hakupata mahali ambapo akigusa, mtu huamini jambo au hukata shauri. Katika kitabu alichokitoa 1975, mwaka mmoja kabla ya kufa kwake, akaelekea kusema kwamba akili ni kitu mbali na ubongo. Wahubiri wengi wameishangilia kauli hiyo. Mimi nawasihi wasiharakishe. Mwaka 2009 wataalamu wa Ufaransa walieleza kwamba walipogusa sehemu fulani ya ubongo wa wagonjwa walio macho, wagonjwa walihisi hamu ya kutikisa mkono au midomo, na umeme ulipozidi wakadhani wametikisa, ilhali hawakutikisa. Itikadi yetu juu ya roho hatukuichukua kwenye waya, basi tusiiweke huko.

Nimemchelewesha Ruth, dada yake Penfield. Alikuwa mama wa watoto sita, mwenye kifafa tangu ujana. Desemba 1928 kaka yake mwenyewe alimpasua, akakuta uvimbe mkubwa, akaondoa sehemu kubwa ya ubongo wa mbele upande wa kulia, na bado hakuweza kuumaliza uvimbe. Ruth akarudi kwa wanawe, akizungumza na kutambua kama kawaida. Baada ya miezi kama kumi na mitano akataka kuandaa chakula cha jioni, mgeni mmoja na watu wanne wa nyumbani. Alikuwa na siku nzima. Saa ilipofika alikutwa jikoni, vyakula vyote vipo, kimoja au viwili viko motoni, nyama haijaanzwa, naye amehangaika, hajui kipi kitangulie. Kaka yake aliliandika hilo mwaka 1935 katika makala ya kitabibu, pamoja na mwenzake Evans. Ruth alikuwa amekwishafariki, mwaka 1931. Taasisi ya maradhi ya ubongo aliyoihangaikia kaka yake ilifunguliwa Montreal mwaka 1934.