Tisa mbili za mwaka 1974

Habari hii ilianza kwa ugomvi. Mimi nafanya kazi na vijana hapa Nyarugusu, na jioni baada ya mazoezi huwa tunakaa chini ya mti, tunatazama simu ya yeyote aliyebahatika kuwa na chaji. Siku hiyo vijana walikuwa wanatazama kipande cha video ambacho hata wewe msomaji pengine umekiona. Ni Zaire na Brazil, Kombe la Dunia 1974. Brazil wanajipanga kupiga mpira wa adhabu, mara beki mmoja wa Zaire anachomoka kwenye ukuta na kuubutua ule mpira mbali kabisa. Refa anamwonyesha kadi ya njano. Vijana wangu walicheka mpaka machozi. Mmoja akasema, "Njo hawa walipigwaka tisa na Yugoslavia. Wakongo bana!" Na yeye mwenyewe ni Mkongo, amezaliwa hapa hapa kambini kama mimi.

Pembeni alikuwepo Papa mmoja fundi wa baiskeli. Huyu mzee haongei sana. Siku hiyo aliweka spana chini. "Munacheka tisa gani? Mi najua tisa ingine." Halafu akatutajia jina: Ndaye Mulamba.

Nilimaliza sekondari hapa kambini. Katika historia tulisoma Lumumba, tukasoma Mobutu na vita zote zile. Huyu Ndaye sikumsoma mahali. Nikaona aibu kidogo, ndiyo maana nikaanza kuulizia.

Mambo yenyewe ni haya. Ndaye alizaliwa mwaka 1948 kule Luluabourg, mji ambao leo unaitwa Kananga. Alichezea timu ya AS Vita Club ya Kinshasa, na mwaka 1973 Vita walichukua ubingwa wa vilabu vya Afrika kwa kuwashinda Asante Kotoko wa Ghana. Machi 1974 timu ya taifa ya Zaire ikaenda Misri kwenye Kombe la Afrika. Nusu fainali walikutana na wenyeji. Misri walitangulia kwa mabao mawili, Zaire wakarudisha yote na kuongeza la tatu. Mawili kati ya hayo matatu ni ya Ndaye. Fainali walicheza na Zambia, ikaisha 2-2 baada ya muda wa nyongeza, Zambia wakisawazisha dakika ya mwisho kabisa. Wakati huo hapakuwa na penalti za kuamua fainali. Mechi ilirudiwa siku mbili baadaye, na Zaire wakashinda 2-0. Mabao yote manne ya fainali zile mbili aliyafunga mtu mmoja. Ukijumlisha mashindano yote, Ndaye alifunga mabao tisa. Wamekuja akina Roger Milla, Samuel Eto'o na Didier Drogba, na hakuna hata mmoja aliyefikisha tisa katika Kombe la Afrika moja.

Hiyo ndiyo tisa ya Papa. Ile tisa ya vijana ilikuja miezi mitatu tu baadaye, huko Ujerumani Magharibi, mwezi wa sita. Zaire ilikuwa nchi ya kwanza ya kusini mwa Sahara kufika Kombe la Dunia. Mechi ya kwanza walifungwa 2-0 na Scotland, na hapo hakuna cha kuonea haya. Baada ya hapo wachezaji wakapata habari kwamba pesa walizoahidiwa hazitafika mikononi mwao. Wakaingia uwanjani kucheza na Yugoslavia mioyo imekufa. Wakafungwa 9-0. Katika mechi hiyo refa alipigwa teke kwa nyuma, naye akamtoa nje Ndaye kwa kadi nyekundu. Aliyempiga alikuwa Mwepu Ilunga! Refa alikosea mtu. Kwa hiyo yule mwenye tisa ya kwanza, sehemu kubwa ya tisa ya pili hakuwemo hata uwanjani.

Na yule beki wa kwenye video ni huyo huyo Mwepu. Wachezaji walisimulia baadaye kwamba baada ya Yugoslavia walipewa onyo kutoka kwa watu wa Mobutu: mkifungwa manne na Brazil, msirudi nyumbani. Walifungwa matatu. Mwepu alieleza kwamba sheria alikuwa anazijua vizuri, na kwamba mpira ule aliupiga kwa hasira. Niliporudi kuwasomea vijana hayo, hawakucheka tena. Ingawa nakiri, ile video bado inachekesha.

Sasa nije kwa waliomwona.

Papa fundi anasema mwaka huo wa 1974 alikuwa kijana anajifunza kazi kwenye gereji moja Kinshasa. Wachezaji walikuwa wamepewa na rais nyumba na gari la Volkswagen kila mmoja, na siku moja gari moja likaletwa pale. Akashuka Ndaye. "Mi nilikuwa chini ya gari ingine, nikatoka, mikono yote ni mafuta tu. Akaninyoshea mkono. Nikaanza kujipangusa kwa suruali. Angeweza kuacha, akapita. Lakini alisimama pale na mkono wake mbele, akanisubiri mpaka nikamaliza." Nilimuuliza walizungumza nini. Akasema hakumbuki neno hata moja, anakumbuka kule kusubiriwa tu. Nimemsikia akisimulia hili mara tatu. Rangi ya gari imebadilika kila mara, lakini suruali na mkono havibadiliki.

Mama mmoja anayeuza dagaa sokoni, mwenyeji wa Kalemie, yeye alikuwa mtoto. Ndaye alikuwa na jina la utani, Mutumbula. Kwetu upande wa Katanga mutumbula ni mtu wa kutisha watoto, yule anayekamata watu usiku wasionekane tena. Huku Tanzania wangesema mumiani. Basi Mama alikuwa anaambiwa kila jioni aingie ndani, mutumbula anakuja. Halafu siku moja redio ya baba yake inapiga kelele: Mutumbula! Mutumbula! Na baba anaruka juu ya kiti kwa furaha. "Nikasema, leo baba ameungana naye." Miaka kadhaa baadaye alimwona Ndaye kwa macho kituo cha treni, akashangaa ni mtu wa kimo cha kawaida na anacheka.

Wa tatu ni mjomba wangu, aliyetoka hapa kambini zamani na kufika Cape Town, Afrika Kusini. Yeye alinitumia sauti kwenye WhatsApp, dakika kumi na moja, nikaisikiliza kwa vipande kulingana na bando.

Kabla ya maneno ya mjomba inabidi nieleze kitu. Mwaka 1994 Ndaye alialikwa Tunisia kwenye Kombe la Afrika, akaheshimiwa kwa ajili ya yale mabao tisa. Aliporudi nyumbani wezi walimvamia, wakidhani mtu wa namna hiyo lazima ana pesa nyingi. Hakuwa nazo. Wakampiga risasi mguuni, ule mguu wa kazi. Katika miaka hiyo pia aliuawa mtoto wake mkubwa. Vita ilipoanza, mwaka 1996, Ndaye akakimbilia Afrika Kusini akawa mkimbizi. Mwaka 1996 ndio huo huo wazazi wetu walivuka ziwa na Nyarugusu ikafunguliwa. Huko Cape Town aliishi kwenye mtaa wa watu maskini, akawa analinda magari ya watu kwenye maegesho.

Mjomba anasema Jumapili walikuwa wanacheza kwenye uwanja wa vumbi, na mzee mmoja anayechechemea alikuwa anakuja kusimama kando ya mstari. Alikuwa anamwita mshambuliaji wao, anamshika mabega na kumgeuza kidogo, namna ya kusimama mgongo kwa beki. Hakuwahi kumwambia mtu kuhusu Cairo. Siku moja mgeni mmoja kutoka Kasai alipita, akamwona, akavua kofia na kuanza kulia. Hapo ndipo wakajua ni nani alikuwa anawageuza mabega. Mjomba anasema kitu kilichomuuma ni kwamba wiki ile ile aliwahi kumpita kwenye maegesho bila kumsalimia. "Nilikuwa na haraka," anasema, halafu kwenye ile sauti kuna kimya kirefu.

Mwaka 1998 habari zilienea kwamba Ndaye amekufa kwenye ajali ya mgodi Angola. Kombe la Afrika lilikuwa linachezwa Burkina Faso, na uwanjani watu wakasimama kimya dakika moja kwa ajili yake. Yeye alikuwa hai, Cape Town. Hilo kwangu si jambo la mbali. Babu yangu mwenyewe waliobaki Fizi walimfanyia matanga, miaka miwili baada ya kukimbia, kwa sababu mtu alisema mtumbwi wao ulizama. Barua ilipofika kambini ikieleza hayo, Babu aliisoma mara mbili, akauliza kitu kimoja tu: mbuzi aliyechinjwa alikuwa yupi.

Ninyi wafanyakazi wa mashirika mnaosoma gazeti letu, mnatuuliza kwenye fomu mtu alikuwa na kazi gani kabla ya kukimbia. Nafikiria karani aliyemwandikisha Ndaye huko kusini. Sijui aliandika nini kwenye ule mstari.

Nilipomaliza kukusanya haya nilimwendea Papa fundi kumwambia mwisho wake: Ndaye alifariki Johannesburg tarehe 26 Januari 2019, akiwa na miaka 70. Papa alinitazama muda mrefu. "Hii mara njo ya kweli?" Ile habari ya 1998 aliisikia hapa kambini kwenye redio, akalia, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba haikuwa kweli. Kwa miaka yote hiyo alikuwa ameshamzika.

Vijana walitaka tusimame dakika moja kabla ya mechi ya Jumapili. Nikaona ni vizuri. Papa akakataa. Akasema dakika yake walishampa akiwa bado mzima, sasa tunapoteza jua tu, tuweke mpira kati. Akakaa kwenye kiti cha fundi, baiskeli ya mtu imepinduliwa mbele yake, na mechi yote hakugusa ile baiskeli. Tulifungwa 2-1. La kwetu alilifunga yule kijana aliyecheka.