Inkidongi: Mbari Iliyoanza na Mtoto Asiye na Ukoo

Kutoka nyanda za Kitengela, milima ya Ngong huonekana kama vifundo vya ngumi. Kwa Wamaasai wa Kajiado, wa Entarara na kwingineko, huko ndiko ilikoanzia taasisi kongwe kuliko kanisa, shule au ofisi yoyote ya kaunti hii: Inkidongi, mbari inayotoa iloibonok, waonaji na wabariki wa Wamaasai. Tumezoea kuieleza kwa damu, huyu mwana wa yule, yule mwana wa fulani. Historia yake inasema zaidi ya hapo. Watu waliipokea mbari hii na kuiamini kwa kazi iliyowafanyia. Nasaba ilikuja baadaye, kuitunza heshima iliyokwisha kupatikana.

Wazee husimulia kwamba mashujaa wa ukoo wa Ilaiser walimkuta mtoto wa kiume mlimani Ngong, peke yake, bila baba wala mama wa kutajwa. Wakamchukua, wakamlea, wakampa mifugo achunge. Kiangazi kilipokaza, ng'ombe wake wakanenepa huku wa wenzake wakikonda. Walipomfuatilia wakaona nyasi zikichipuka na maji yakibubujika mahali alipokuwa. Huyo ndiye Kidongoi, na watoto wa watoto wake wakawa Inkidongi. Chombo cha kazi yao ni enkidong, kibuyu cha kokoto ambacho oloiboni, mmoja wa waonaji hao, hukitikisa, akasoma maana katika hesabu ya zinazoanguka. Wapo watakaosema kwamba hii ni hadithi tu, haina mwaka wala shahidi. Ni kweli haina. Lakini simulizi ya chimbuko hupimwa pia kwa kile ambacho watu walichagua kukumbuka. Mbari iliyotaka kujitukuza kwa damu ingejipa babu mshindi wa vita au mwenye mazizi yasiyohesabika. Hii ilijipa yatima. Waliohifadhi simulizi hiyo walijua kwamba heshima ilianza kwa kupokewa, na ikadumu kwa sababu aliyepokewa alileta maji na malisho.

Jambo hili si la Wamaasai peke yao. Ukoo wa kikabaila wa Hay, wa Uskoti, husimulia kwamba babu yao alikuwa mkulima aliyeshika nira ya plau na, pamoja na wanawe wawili, akawageuza Waskoti waliokuwa wakiwakimbia Wadenmark huko Luncarty. Mfalme akamzawadia ardhi yote ambayo kipanga angeruka juu yake. Nyaraka zinaonyesha asili ya Kinormani, na William de la Haye akimtumikia mfalme katika karne ya 12. Hata hivyo ukoo ulichagua kumkumbuka mkulima na nira yake. Tangu enzi ya Robert Bruce, ukonstebo mkuu wa Uskoti umekuwa wa ukoo huo. Josslyn Hay, Earl wa 22 wa Erroll, alipouawa nje kidogo ya Nairobi mnamo Januari 1941, cheo cha Earl kilimwendea bintiye Diana, msichana wa miaka 15, kwa nguvu ya sheria. Mwana wa Inkidongi hakuwa na sheria ya kumbeba namna hiyo. Asipoaminiwa, watu walimwendea ndugu yake.

Ushahidi mkubwa ni oloiboni Mbatian, mwana wa Supeet. Hakuwa na jeshi, kodi wala mahakama. Mashauri yaliamuliwa na wazee pamoja na ilaiguenak, wasemaji wa marika. Hata hivyo, katika vita dhidi ya Ilaikipiak kwenye miaka ya 1870, mashujaa walitafuta baraka na dawa zake. Joseph Thomson, Mskoti mwingine, alipopita Umaasaini mwaka 1883 na 1884, aliona ni salama kwake kujitambulisha kama oloiboni wa kizungu. Na mwaka 1899, Halford Mackinder alipofika kilele cha juu kabisa cha Mlima Kenya, chenye mita 5,199, kilele hicho kilipewa jina la Batian. Nelion, cha pili, kina jina la nduguye Neilieng. Lenana kina jina la mwanawe, Olonana.

Mbatian alifariki karibu mwaka 1890, wakati sotoka na ndui vikiwajaribu watu na mifugo. Wanawe, Olonana na Sendeyo, walitofautiana juu ya urithi, kisha wakapatana mwaka 1902. Wakosoaji husema ukuu wa Olonana ulitengenezwa na Waingereza, waliomwita chifu mkuu. Cheo hicho kweli kilikuwa chao. Lakini walimwendea yeye kwa sababu watu walikwisha kumwendea. Mkataba wa 1904, ulioliondoa Bonde la Ufa mikononi mwa Wamaasai, una uchungu wake. Malalamiko ya kuhamishwa kutoka Laikipia yalipofika mahakamani mwaka 1913, waliosimama mbele ni viongozi Legalishu na ole Njogo. Umma ulijua kutenganisha cheo cha serikali na baraka ya oloiboni, na ndiyo sababu baraka hiyo iliendelea kutafutwa.

Miaka iliyofuata inaweza kutajwa kwa ufupi. 1911: Olonana anafariki, mwanawe Seggi anamrithi. 1968: sheria ya ranchi za vikundi inatungwa; baadaye ranchi ya Kitengela inagawanywa kuwa mashamba ya watu binafsi. 1969: shule ya Duke of York, iliyoanzishwa 1949, inapewa jina la Lenana. Miaka ya 1990: Wamaasai wa Loita, pamoja na oloiboni wao Mokompo ole Simel, wanatetea msitu wa Naimina Enkiyio. 2013: Kajiado inakuwa kaunti.

Kwa yote hayo tunawashukuru waliobeba enkidong kabla yetu. Leo shamba la Kitengela hurithiwa kwa hatimiliki, na mwenye hati hahitaji kuaminiwa na jirani. Heshima ya Inkidongi haijawahi kuwa na hati. Kila kizazi kimelazimika kupokewa upya, kama alivyopokewa mtoto yule wa Ngong, na kila mara kiliulizwa swali lilelile: umeleta maji gani?