Nusu Sio Sifuri

Tarehe 7 Juni 2016, tumbili mmoja alizima Kenya. Hii sio stori ya jaba. Aliangukia transfoma pale Gitaru, kwa Mto Tana, zaidi ya megawati 180 zikapotea kwa mpigo, na nchi nzima ikaingia giza. Mimi nilikuwa shule ya msingi hapa Nanyuki. Tulicheka sana. Lakini wasee, hatukujiuliza: siku zile zingine zote, nani hushikilia stima isiyumbe?

Jibu ni vidhibiti. Jioni watu wakifika nyumbani na kuwasha taa na TV, mzigo unapanda na mitambo inaanza kupunguza kasi. Kidhibiti kinafungua maji zaidi. Kikizidisha, kasi inayumba. Kikichelewa, mambo yanaharibika.

Mwaka wa 1922, Nicolas Minorsky alitoa hesabu ya kuongoza meli akiwatazama wanaoshika usukani. Mshika usukani mzuri haangalii kosa la sasa pekee. Anakumbuka yaliyopita, na anaona linakoelekea. Hayo matatu ndiyo PID, na bado inaendesha viwanda vingi duniani. Ziegler na Nichols walileta njia yao ya kuituni mwaka wa 1942.

Shida ni kumbukumbu yake. Kosa la asubuhi na la sasa hivi, kwake uzito ni ule ule. Mwanadamu hakumbuki hivyo. Ya zamani hufifia polepole.

Dawa ilikuwa imelala kwa barua. Mwaka wa 1695, Leibniz na L'Hôpital walijadili swali lililoonekana la kichaa: kiwango cha mabadiliko unakipata mara moja, au mara mbili. Je, mara nusu? Leibniz aliona ni kitendawili, lakini akaamini siku moja kitafaa watu. Ikachukua karne tatu. Alain Oustaloup kule Ufaransa akajenga vidhibiti vya CRONE, na mwaka wa 1999 Igor Podlubny wa Slovakia akachapisha PID yenye oda za sehemu: badala ya namba tatu za kutuni, tano. Ukizituni vizuri, mfumo hutulia hata mzigo ukibadilika, kama dereva wa matatu ambaye gari ikiwa tupu au imejaa viazi vya Timau, abiria hawasikii tofauti. Ukizituni vibaya, inayumba tu. Na sisemi ingemzuia yule tumbili.

Nasema hivi kwa sababu niliacha chuo mwaka wa pili, na mtaani huniambia nusu digrii ni sifuri. Labda. Lakini hii historia nimeisoma baada ya kutoka, bila mtihani, nikaielewa kuliko nilivyoelewa chochote darasani. Kwa hivyo wewe wa Fomu Tatu uliyeambiwa swali lako halina maana, liandike mahali. La Leibniz lilingoja miaka 304.