Waya ya Spika: Vile Ukweli Mdogo Uligeuka Biashara Kubwa

Juzi beshte yangu ameninyemelea na swali. Amenunua amplifaya na spika mbili moto za nyumbani, amebaki na 15,000. Muuzaji anamwambia amalizie zote kwa waya, ati bila hiyo waya spika "hazitafunguka". Nikamwambia ngoja kwanza nikupe historia. Nanyi wasee, kaeni hapo.

Kabla ya 1979, watu wengi hawakuwa wanaiwazia waya ya spika kabisa. Hata Marekani, mtu alikuwa anachukua waya ya taa, ile nyembamba ya nyuzi mbili zilizoshikana, anaunganisha, muziki unaanza.

Kisha akaja Noel Lee. Jamaa alikuwa injinia kwenye maabara ya Lawrence Livermore, California, na pia mpiga ngoma kwenye bendi. Akiwa kwake alianza kujaribu waya tofauti akisikiliza muziki uleule, na akasikia tofauti. Mwaka wa 1979 akaanzisha kampuni ya Monster Cable: waya nene, boksi safi, bei juu.

Na tusimsingizie. Lee hakuwa muongo. Kila waya ina ukinzani, yaani inazuia umeme kiasi fulani. Ikiwa nyembamba na ndefu, inakula nguvu iliyofaa kufika kwa spika. Ikiwa nene, inakula kidogo. Lakini hesabu yenyewe ina mwisho. Chukua waya ya shaba ya 2.5, ile fundi wa stima anaijua. Spika ikiwa mita 5 kutoka kwa amplifaya, umeme unaenda na kurudi mita 10, na ukinzani ni kama omu 0.07. Spika ya omu 8 hiyo haihisi, haifiki hata asilimia 1. Kanuni ya wengi ni isizidi asilimia 5. Hata 1.5 inatosha nyumbani.

Sasa mbona bei haikuishia hapo? Kwa sababu ya duka. Faida ya kuuza amplifaya ama TV huwa ndogo, lakini ya waya ni kubwa. Monster walilielewa hilo mapema, wakafunza wauzaji na kuwapa zawadi. Pesa ikaingia mpaka 2004 uwanja mkubwa wa San Francisco ukaitwa Monster Park. Uwanja mzima, jina la kampuni ya waya! Na zile Beats za kwanza za 2008 mlizokuwa mnaringa nazo? Monster ndio walitengeneza.

Wengine wakaona njia, wakapanda bei zaidi. Mwaka wa 2007 James Randi, mtu wa mazingaombwe aliyefichua matapeli, aliahidi dola milioni 1 kwa atakayetofautisha kwa masikio pekee waya za dola 7,250 na za Monster. Soma tena: Monster ndio sasa walikuwa waya ya kawaida! Jaribio lenyewe halikufanyika, na pesa hazikuchukuliwa.

Kuna kitu kimoja cha kuogopa, lakini. Kuna waya za aluminiamu zilizopakwa shaba juu juu tu. Zinapitisha umeme kama theluthi mbili ya shaba yenyewe. Mimi nimeshauziwa, tena na tabasamu. Kabla hujalipa, kata kipande, kwangua na kisu. Ukiona nyeupe ndani, rudisha.

Beshte yangu amechukua 2.5 ya shaba kwa hardware. Pesa nyingine nimemwambia anunue zulia na pazia nzito, kwa sababu keja yake ni simiti tupu na sauti inadunda kila ukuta. Hiyo tofauti hata nyanyake ataisikia.

Lakini kilichoniuma si 15,000. Ni vile aliniambia, "Labda siskii tofauti juu sina masikio ya watu wa pesa." Yaani muuzaji alikuwa ameshamfanya ashuku masikio yake mwenyewe. Hapo ndipo nakasirika. Ukiwekewa waya mbili na usisikie tofauti, hiyo ni jibu tayari. Weka doh mfukoni.

Wewe ulishauziwa nini ukaogopa kusema husikii tofauti?