Ndege wa Makerere

Kila taifa hujichagulia alama yake. Ndugu zetu wa Uganda, walipopata uhuru mwaka 1962, waliweka katika bendera yao korongo mwenye taji, ndege wa kupendeza sana. Lakini juu ya kilima cha Makerere, mjini Kampala, penye chuo kikuu chao, yuko ndege mwingine asiyechaguliwa na mtu. Wakubwa wa chuo hawakumpa cheo, hata hivyo kila aliyesoma pale humkumbuka. Ndiye kongoti, ambaye Waganda humwita kalooli.

Sura yake ni hivi. Akisimama hufika kifuani pa mtu mzima. Kichwa na shingo havina manyoya, na shingoni huning'inia mfuko wa ngozi. Miguu yake huonekana myeupe, kwa kuwa hujinyea miguuni ili kupunguza joto. Wazungu humwita marabu, jina lililotoka katika neno la Kiarabu la mtu wa dini aliyejitenga na watu. Na tazameni ajabu: zamani manyoya laini ya ndege huyo huyo yalinunuliwa Ulaya ili kupamba kofia na nguo za mabibi.

Makerere ilianza mwaka 1922, shule ya ufundi yenye vijana 14. Julius Nyerere alisoma pale tangu 1943 hata 1945. Mwaka 1949 chuo kikaungana na Universite ya London, na mwaka 1970 kikasimama peke yake. Siku zile kongoti wenye viota mjini walikuwa wachache.

Mwaka 1971 Idi Amin akatwaa utawala kwa silaha. Mwaka 1972 akawafukuza Wahindi, na biashara ya mji ikaanguka. Mwezi wa Oktoba mwaka ule ule Frank Kalimuzo, mkuu wa chuo, alikamatwa, wala hakuonekana tena. Walimu wengi wakakimbilia nchi za mbali. Kazi za mji nazo zikalegea, takataka zikalundikana njiani, na kongoti wakaja kula. Derek Pomeroy, mwalimu wa elimu ya wanyama pale Makerere, aliwachunguza ndege hao katika miaka hiyo, akaeleza jinsi wanavyoishi kwa takataka za watu. Amin aliondolewa mwaka 1979, lakini kongoti walibaki, wakazidi kuongezeka.

Basi wanafunzi wakamzoea, wakamfanyia mzaha. Mgeni akipita chini ya miti na kuangukiwa na mavi ya kongoti, wenzake humcheka, humwambia kwamba sasa amekuwa mtu wa Makerere kweli.

Wako pia wasiocheka, wanaotaka miti ikatwe na viota vibomolewe. Mtu aliyechafuliwa nguo yake nzuri siku ya kupewa digrii, tusimlaumu akikasirika. Lakini tufikiri vema. Je, kongoti ndiye aliyeleta takataka? Sivyo. Yeye alizifuata. Hula mizoga na nyama iliyooza ya machinjioni, na kwa kula hivyo huwasaidia watu wanaomchukia. Ukikata mti atahamia mti wa pili. Ukiondoa takataka atakwenda mwenyewe.

Kwa hiyo ndege huyu anatufundisha jambo la historia. Utawala ukiharibika, madhara hayaishii katika nyumba za wakubwa. Mwalimu hupotea, duka hufungwa, uchafu haukusanywi, na mwisho hata ndege wa angani hubadili makao yao. Chuo chenye wenye akili wengi hakikuweza kuukwepa msiba wa mji wake.

Na sisi wa Kasongo na Kabambare tusimcheke Mganda. Twende tukatazame nyuma ya masoko yetu na kando ya mito tunamochota maji. Tukikuta uchafu pale, tusingoje ndege aje kutufanyia kazi yetu. Tushike majembe, tuchimbe shimo, tufukie.