Ulizo

ulizo nm ma- [li-/ya-] 1. swali. 2. (kompyuta) amri inayoitaka kanzidata ichague kumbukumbu zinazotimiza sharti fulani: *Andika ulizo la watoto wote waliozaliwa Kakonko.*

Matumizi. Katika maana ya pili, ulizo hutofautiana na swali. Swali huulizwa mtu, naye hukisia makusudio ya muulizaji, kanzidata haikisii. Neno *hoja* lisitumiwe hapa: hoja hujengwa na kutetewa.

Ulizo nyumbufu ni lile linalostahimili kumbukumbu zisizofanana. Mwaka 2012 Wilaya ya Kakonko ilimegwa kutoka Kibondo, na Buhigwe kutoka Kasulu. Tuseme mtoto aliyezaliwa Muhange mwaka 2009 aliandikwa Kibondo. Mdogo wake wa mwaka 2015 akaandikwa Kakonko, ingawa nyumba yao haikuhama. Ulizo lenye sharti `WHERE wilaya = 'Kakonko'` humwacha mkubwa bila kutoa onyo lolote, na anayehesabu hudhani amemaliza kazi.

Wengi hukimbilia `LIKE`, ambamo alama `%` husimama badala ya herufi zozote. `LIKE 'Kasulu%'` hukusanya Kasulu, Kasulu Mji na Kasulu Vijijini kwa pamoja, na hilo ni jema. Kwa Kakonko haisaidii, maana jina jipya halikurithi herufi za Kibondo. Kuzitaja wilaya zote mbili nako huleta Kibondo nzima. Dawa ni kuhamishia sharti kwenye kata: liwepo jedwali la kata na wilaya zake za sasa, kisha liunganishwe na la watoto kwa `JOIN`. Kata itambulishwe kwa msimbo, kwani majina hujirudia nchini. Mipaka ikibadilika tena, husahihishwa jedwali hilo moja, si maulizo yote.

Sharti la hiari huandikwa hivi:

`WHERE :wilaya IS NULL OR wilaya = :wilaya`

Mtumiaji asipotaja wilaya, zote huja. Nukta mbili huonyesha thamani itakayojazwa baadaye. Kuyapachika maandishi ya mtumiaji moja kwa moja ndani ya amri ni kumkabidhi funguo za ghala.

Tahadhari. `wilaya <> 'Kasulu'` haiwaleti wasioandikiwa wilaya. Kwa SQL, kisichojulikana si sawa na Kasulu wala si tofauti nayo. Ongeza `OR wilaya IS NULL`.

*Linganisha:* hifadhidata, hojaji, sharti.