Kompyuta inayosinzia na maji ya ndiva

Wadau, anayezijua ndiva zetu za Upare, huku Same, hatapata shida na habari hii. Usiku maji ya mfereji hujaa bwawani, asubuhi tundu linazibuliwa. Lakini mwenye shamba la mbali lazima angoje maji yamfikie. Akiba ina gharama yake.

Prosesa ya kompyuta nayo ni hivyo hivyo. Ikikosa kazi husinzia ili kuokoa umeme. Usingizi ukiwa mzito umeme unaokolewa zaidi, ila kuamka kunachelewa. Ni mikrosekunde tu, lakini zinatosha kumkatia sauti anayerekodi muziki.

Mwaka 2008 kerneli ya Linux ilipata dawa mbili. Toleo 2.6.24, la Januari, lilileta cpuidle, inayochagua kina cha usingizi. Toleo 2.6.25, la Aprili, lilileta PM QoS: kila programu inataja ucheleweshaji inaoweza kuuvumilia, na kerneli inafuata ombi dogo kuliko yote.

Je, kama hakuna aliyeomba? Kiwango cha kuanzia kiliwekwa sekunde 2,000, zaidi ya nusu saa! Hakuna prosesa inayochukua muda huo kuamka. Maana yake ni moja: lala utakavyo, mwenye haraka atasema.

Kwa hiyo, wewe unayetumia Linux, laptopu yako ikidumu na chaji umeme ukikatika, shukuru uamuzi huo. Sauti ikikwaruza, huenda aliyeandika programu alisahau kuomba.